Usukani Mbele, Ugonjwa Nyuma

Gari likianza kwenda kombo, watu wote hutazama mbele. Watatazama usukani, watatazama tairi za mbele, na wakikosa cha kutazama watamtazama dereva. Ninyi vijana mnaokuja kwangu hapa Mesquite, kando ya Dallas, siku za mapumziko, mnaokunywa chai yangu na kuniuliza mambo ya magari huku vidole vyenu vinatembea kwenye simu, leo niazimeni masikio. Nitawasimulia gari moja tu, na bibi aliyekuwa akiliendesha.

Wasionijua, mimi ni Mbaraka, mtu wa Morogoro. Ufundi niliujulia kule, nikiwa chini ya malori ya mkonge, nikauzeekea huku Texas. Sasa nimestaafu. Mgongo umekataa kulala kwenye sakafu ya zege, na magoti yanapiga kelele kuliko bushi kuukuu. Lakini masikio bado ni mazima, na gari likipita hapa nje linaunguruma vibaya, mke wangu hunishika mkono nisitoke kulisimamisha.

Aliyenifanya fundi wa kweli alikuwa Don Beto, Mmeksiko mmoja mwenye tumbo kubwa na mikono myepesi kama ya mshonaji. Ndiye aliyenipa kazi nilipofika, wakati Kiingereza changu kilitosha kuombea maji tu. Cha kwake hakikuwa kizuri kuliko changu, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Siku moja alikuja mteja akasema gari lake hulia anapombeba mama mkwe. Akimbeba mtu mwingine, kimya. Gereji nzima tulicheka mpaka tukakaa chini. Don Beto hakucheka. Alimuuliza yule bwana, "Mama mkwe anakaa upande gani?" Nyuma, kushoto. Don Beto akachukua magunia ya mchanga, akayapanga nyuma kushoto, akaingia barabarani. Gari likalia. Springi ya upande ule ilikuwa imepasuka, na mama yule, Mungu ambariki, alikuwa na mwili wa kutosha kulishusha bati likaguse tairi.

Basi akatuita, akatuambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Usimwambie mteja gari lake halina kitu. Mwambie hujakiona." Ukisema hakuna kitu, umefunga mlango. Ukisema hujakiona, umebaki na kazi ya kufanya.

Sasa tuje kwa Mama Kerubo.

Alikuwa Mkenya, Mkisii, nesi aliyefanya kazi hospitalini miaka mingi, anakaa Katy kule magharibi mwa Houston. Umri wake ulikuwa umeshapita sitini. Mtu wa umri huo, nesi, mama wa kanisa la Kisabato, ungetegemea aje na gari la kifamilia la rangi ya fedha. Siku aliyokuja kwangu, nilisikia mngurumo kabla sijaona gari. Likaingia uani gari la michezo la miaka ile ya nyuma, milango miwili, boneti ndefu, injini kubwa mbele na nguvu zote zinapelekwa tairi za nyuma, gia za mkono, rangi ya zambarau iliyoiva. Nikaweka spana chini. Gari la namna hiyo haliingii uani kwako kila siku.

Aliyekuwa anaendesha alikuwa mwanawe, Ombati, kijana wa mambo ya kompyuta, mpole, shati limenyooka. Mama mwenyewe alikuwa kiti cha pembeni, amekumbatia mkoba wake, amekunja uso kama mtu aliyepelekwa kwa daktari kwa nguvu.

Kijana akashuka wa kwanza, akanisogelea kabla mama yake hajafungua mlango.

"Mzee, shikamoo," akasema kwa sauti ya chini. Wakenya wakitaka jambo kwa Mtanzania huikumbuka shikamoo. "Nilitaka tuongee kidogo kabla Mum hajakuja. Hii gari imeangaliwa na mafundi wawili huko Houston. Wamebadilisha tairodi, wamebadilisha rack ya usukani, wame-align mara mbili. Hakuna kitu. Nimeiendesha mimi mwenyewe kutoka Katy mpaka hapa. Haijanisumbua hata kidogo."

"Na mama inamsumbuaje?"

"Anasema inamvuta. Kwa freeway inahama lane yenyewe." Akatazama kule garini. "Wiki iliyopita alikuwa na binti yangu ndani. Ikahama. Lori lilikuwa hapo kando, likapiga honi... Mzee, nilikuwa nyuma yao. Niliona kwa macho yangu. Gari ilienda tu, kama mtu amesinzia."

Nami nikaelewa kwamba hakuja kutengenezewa gari. Alikuja kutafuta mzee wa rika la mama yake amwambie kwa heshima kwamba wakati umefika wa kuachia ufunguo.

Vijana, ninyi mmekulia huku, mnajua. Huku hakuna kutembea mpaka dukani. Kanisa ni mwendo wa gari, hospitali mwendo wa gari, hata kumsalimia jirani Mkenya mwenzako ni kuvuka barabara kuu tatu. Kunyang'anywa ufunguo hapa ni kunyang'anywa miguu. Na mama yule alikuwa bado anafanya kazi.

Mama Kerubo naye akashuka. Mfupi, mnene kiasi, miwani shingoni kwa kamba ya shanga.

"Umeshaambiwa ya kwamba nimezeeka?" akaniuliza.

"Nimeambiwa gari linavuta."

"Aa. Basi wewe ni mtu mzuri." Akamtazama mwanawe, halafu akanigeukia tena, na safari hii sauti ilishuka. "Fundi, mimi nimepimwa macho. Nimepimwa presha. Nimeenda kwa daktari wa kichwa nikaambiwa nichore uso wa saa, nikaambiwa nihesabu kurudi nyuma. Wanasema niko sawa. Lakini nimefanya kazi na wazee, najua vile inaanza. Inaanza na wewe kusema ni gari. Kwa hivyo uangalie, na kama ni mimi, uniambie ni mimi. Usinifiche."

Nikamwahidi. Na ahadi ya namna hiyo, wanangu, ni nzito kuliko injini.

Nikaanza kama kila fundi anavyoanza. Nikalipandisha gari, nikashika tairi za mbele nikazitikisa juu na chini, kulia na kushoto. Kazi ya Houston ilikuwa safi. Wale mafundi hawakuwa wababaishaji, nawatetea mpaka leo. Nikahamisha tairi, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, maana tairi yenyewe huweza kuvuta hata ikiwa mpya, na ni kazi ya dakika chache inayookoa aibu ya siku nzima. Nikaliweka kwenye mashine ya alaimenti, ile inayopima kama tairi zimenyooka. Namba zote kijani, mbele na nyuma. Nikaingia kulijaribu mitaa ya hapa, Ombati kando yangu. Likaenda limenyooka kama uzi.

"Unaona?" akasema kijana. Hakusema kwa kushinda. Alisema kwa huzuni.

Nikamjibu jibu la Don Beto. "Sijakiona bado."

Nilipokuwa narudi uani, nikawa najiuliza swali lile la magunia ya mchanga. Gari ni lilelile, barabara ni ileile. Kinachobadilika ni nini? Mtu. Vema, lakini mtu huyu na mtu yule wanatofautiana kwa nini? Kila mtu alikuwa ameshajibu kwamba ni umri. Mimi nikamuuliza Ombati, "Wewe ulikuja vipi kutoka Katy?"

"Pole pole. Lane ya kulia. Niliweka mguu hapo moja nikakaa nyuma ya lori mpaka Dallas. Gari ni mzee, Mzee."

"Na mama yako huendeshaje?"

Kijana akacheka kwa mara ya kwanza. "Woi. Mum? Mum anaendesha kama anafukuzwa. Anakanyaga anapita gari, anaachia, anabadilisha gia, anakanyaga tena. Yaani ukikaa naye unashika mlango."

Hapo nikahisi nywele za shingo zinasimama. Maana tofauti ya watu hawa wawili inaweza kuwa kwenye mguu tu. Mmoja anashikilia mafuta mahali pamoja safari nzima. Mwingine anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia. Na kitu gani garini kinajua kama umekanyaga au umeachia? Usukani haujui. Tairodi inayogeuza tairi za mbele haijui. Kinachojua ni giaboksi, propela inayopeleka nguvu nyuma, difu linalozigawia tairi, na kila kinachoshikilia tairi za nyuma zinazosukuma.

Lakini kuhisi si kuona. Nikamwambia mama, "Jumapili asubuhi, wewe utaendesha, mimi nitakaa pembeni. Utaendesha kama unavyoendesha siku zote. Mwanao atatufuata."

"Jumapili niko free," akasema, "Sabato yangu ni jana yake. Lakini wewe huogopi?"

"Mke wangu ndiye ataogopa."

Na aliogopa kweli. Alinifungia maandazi kwenye karatasi kama mtu anayekwenda vitani.

Gari lilibaki uani kwangu, na Jumapili Ombati akamleta mama yake kwa gari lake mwenyewe. Barabara ya kwenda Houston ilikuwa nyeupe, watu wako makanisani. Kabla hatujaondoka nikabandika kipande cha utepe mweupe juu kabisa ya usukani, katikati. Hii hila ichukueni, haina gharama. Mkono wa dereva unaweza kukudanganya, lakini utepe ukisogea unauona. Nikamwambia Mama Kerubo sharti moja: kabla ya kukanyaga au kuachia, ahakikishe njia ya kando yake iko tupu. Akaitikia kwa kichwa, akawasha, akatia gia.

Vijana, yule mama alijua kuendesha! Klachi aliitoa kama anafunika mtoto shuka. Gia ziliingia bila sauti. Tukatoka Mesquite, tukashika barabara kuu ya kusini, na mimi nilijikuta natabasamu kama mjinga. Nikamuuliza gari lile alilipataje.

"Nilikuwa nalipita kila siku kwa parking ya hospitali," akasema. "Lilikuwa la daktari mmoja. Alipohama akauliza nani anataka. Watoto wangu wote wamesoma, wameoa. Nikasema, mimi. Hata sikufikiria." Akaikanyaga kidogo, injini ikaimba. "Kanisani wanasema Kerubo amechanganyikiwa. Labda ni kweli. Ndiyo nataka kujua."

Tulipita mji wa Ennis bila tatizo. Alikanyaga, aliachia, gari likatulia. Nikaanza kupata wasiwasi. Yeye pia. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kubana usukani.

"Hata leo iko sawa," akasema polepole. "Uko hapa na iko sawa."

"Bado ni mapema. Gari halijapata moto."

Na huo ni ukweli wa Texas. Mpira wa asubuhi na mpira wa adhuhuri si mpira mmoja. Lami huku inachemka, difu linachemka, na kilichokuwa kigumu wakati mnaondoka nyumbani kinakuwa kama chapati ya jana iliyorudishwa jikoni. Nikamwambia tuendelee.

Tukakaribia Corsicana. Barabara ina mwinuko mdogo pale. Akakanyaga kupanda, gari likasogea kulia kidogo sana, kama mtu anayejinyoosha bega. Nikakaza macho kwenye utepe. Tulipofika juu akaachia mafuta.

Gari likatupwa kushoto.

Halikuwa jambo kubwa la kupindua mtu, lakini lilivuka mstari mweupe nusu mwili, laini na bila haraka, kama alivyosema Ombati. Njia ile ilikuwa tupu, tuliihakikisha. Akalirudisha, akahema. Macho yakamjaa machozi.

"Umeona? Si ndiyo hiyo. Niliifanya tena."

"Mama," nikamwambia, "utepe haukusogea."

"Nini?"

"Mikono yako haikufanya kitu. Usukani ulikuwa umetulia palepale ulipokuwa. Tairi za mbele zilikuwa zinakwenda mbele. Hebu rudia. Tazama kioo, kando tupu? Kanyaga. Sasa achia."

Akakanyaga, likaenda kulia. Akaachia, likaenda kushoto. Akarudia. Akarudia tena, sasa bila kuhema. Utepe mweupe umesimama katikati kama askari wa lindo. Mara mama akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, machozi yanamshuka bado, na mimi nikamwomba kwa heshima apunguze mwendo maana mke wangu anataka nirudi.

Tukaingia kwenye kituo cha mafuta chenye uwanja mpana. Ombati akaja nyuma yetu akaegesha, akatoka mbio.

"Mum! Niliona tena, imehama! Tafadhali, toka hapo, niendeshe mimi."

"Keti chini," mama akamwambia.

"Mum—"

"Fundi amesema uketi chini. Kwa lami."

Sikuwa nimesema, lakini lilikuwa wazo zuri. Nikamwambia mama asogeze gari mpaka tairi za mbele ziegemee ukingo wa zege wa maegesho. Nikamwelekeza Ombati achuchumae kando, mbali na njia ya gari, mahali anapoiona tairi ya nyuma ya kushoto. Kamwe, narudia, kamwe msikae mbele wala nyuma ya gari lililo kwenye gia. Kisha mama akatia gia ya kwanza, akaachia klachi kidogo tu, gari likausukuma ule ukingo, akakanyaga klachi likarudi. Akasukuma, akaachia.

Mimi nilikuwa nimeinama, macho yangu yanapigana na jua. Niliona kitu, lakini kama ningeulizwa niape, nisingeapa.

"Ngoja," Ombati akasema. Akatoa simu, akailaza chini kwa pembeni, kamera yake inatazama tairi. "Nita-record slow motion. Mum, fanya tena."

Hapo ndipo mbinu mpya zinaponinyamazisha. Wakati wa Don Beto tulichora kwa chaki kwenye tairi na kwenye bati, tukabishana alama imesogea au haikusogea. Simu ya kijana yule ilituonyesha bila ubishi. Tukajikusanya watatu kivulini tukitazama kioo kidogo. Gari linaposukuma, tairi ya nyuma ya kushoto inatambaa kwenda mbele ndani ya tundu lake, na inapotambaa inageuza pua, kama mtoto anayegeuza mguu ndani anapoona haya. Klachi ikikanyagwa, inarudi na kugeukia upande wa pili.

Tairi ya nyuma ilikuwa inapiga kona yenyewe.

Ombati aliirudia ile video. Akairudia tena. Halafu akaketi kweli chini kwenye lami, shati lake lililonyooka na yote, akaweka mikono kichwani.

"Mum," akasema. "Woi, Mum. Na nilikuwa nimeshaongea na ndugu zangu nyumbani. Tulikuwa tumeamua."

Mama yake hakumwinua. Alifungua mkoba akatoa chupa ya maji, akampa.

"Mliamua vizuri," akasema. "Ungeniacha na mtoto kwa gari kama hiyo, mimi ningekuchapa."

Gari hatukuliendesha kurudi. Mkishaujua ugonjwa msiuendeshe, hata kama mmefika nao salama. Tuliita gari la kubebea magari mabovu likalipeleka Mesquite, nasi tukarudi na Ombati kwenye lake, tunakula maandazi ya mke wangu.

Nilipolipandisha nikauona ugonjwa wenyewe. Tairi ya nyuma ya gari lile imeshikwa na mikono ya chuma, na kila mkono mwishoni una bushi, yaani duara la mpira ndani ya chuma, ili safari iwe laini. Bushi kubwa ya mkono wa kushoto, ukiitazama kwa nje, mpya kabisa. Nikaingiza mtaimbo nikabinua, ikafunguka kama mdomo. Ilikuwa imekatika ndani yote, mviringo mzima. Mkiegesha gari mpira unarudi mahali pake, ndiyo maana mashine ya alaimenti ilisema kijani: mashine hupima gari lililosimama, na gari hili liliugua likiwa linasukuma. Bushi ya kulia ilikuwa imeanza kuchanika. Na mpira wa kushikilia difu nao ulikuwa umelegea, ndio uliokuwa ukitoa kishindo kidogo ambacho mama alidhani ni kawaida ya magari makali.

Nikabadilisha zote, pande zote mbili. Na hapa sikilizeni, maana hili mtalihitaji. Bushi za mpira msizikaze kabisa gari likiwa limening'inia hewani. Mpira unakazwa ukiwa umejipinda, mkilishusha unaanza kujinyonga siku ya kwanza, na baada ya muda mfupi mteja anarudi. Zishikizeni bolti, shusheni gari lisimame kwa uzito wake, ndipo mkaze. Don Beto alinifundisha hili kwa kunitandika kofia kichwani. Mimi nawapa bure, na chai juu.

Siku ya kulichukua, walikuja wote wawili na yule binti wa Ombati, Kemunto, msichana mwenye pengo mdomoni anayejibu Kiswahili kwa Kiingereza. Kwanza nikamtia Ombati nyuma ya usukani. Nikamwambia, "Leo endesha kama mama yako. Kanyaga, achia." Akaogopa, halafu akazoea, na tulipokuwa tunarudi nilimwona anatafuta visingizio vya kubadilisha gia. Gari lilikwenda pale anapolielekeza, basi.

Kisha nikaenda na mama. Tuliporudi uani nikamwomba tubaki ndani kidogo.

"Uliniambia nisikufiche," nikasema.

Uso wake ukabadilika. "Sema."

"Siku ile ya Corsicana, na leo tena. Ukihama njia kwenda kulia hugeuzi shingo. Unatazama kioo peke yake. Kuna pembe pale huioni."

Nilijuta kidogo, nakiri. Siku ya furaha kama ile, ningeweza kunyamaza. Lakini mtu aliyekuomba ukweli hakukuomba ule mtamu tu.

"Inaniuma," akasema. "Shingo. Tangu mwaka juzi. Ni kuinua wagonjwa." Akaisugua. "Ombati hajui."

"Mwambie mwenyewe. Mimi nitakufungia kioo cha ziada upande huo. Shingo yenyewe siwezi kuifungua, sina spana yake."

Akacheka. Akashuka, akamwita mwanawe, wakasimama pembeni ya uwanja wakiongea Kikisii. Sikuelewa neno. Nilimwona Ombati anamshika shingo kwa vidole viwili, taratibu, kama anayetafuta mahali panapouma, na mama anamwonyesha: hapa, si hapo. Mwezi uliofuata nilisikia anakwenda kunyooshwa shingo na wataalamu na kwamba usiku haendeshi tena njia ndefu. Aliamua mwenyewe.

Siku ileile, nilipomaliza kufunga kile kioo, kijana alikwenda kwenye gari lake, akafungua mlango wa nyuma, akatoa kiti cha mtoto. Hakuniambia kitu, wala hakumwambia mama yake. Akakibeba mpaka kwenye lile gari la zambarau, akakunja kiti cha mbele, akajipenyeza nyuma kwa taabu. Milango miwili ile haikutengenezewa baba wa mtu. Alikifunga kiti, akakivuta kukijaribu, akakivuta tena.

"Kemunto," akaita. "Kuja. Utaenda na Magokoro," yaani bibi, kwa Kikisii.

"For real?" msichana akauliza, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshaingia.

Ombati akamfunga mkanda. Akaukagua. Akakirudisha kiti cha mbele, halafu akabaki amesimama, ameshika mlango wazi, anamtazama binti yake kule ndani. Midomo yake ilisogea kama anayetaka kutoa maagizo. Mama Kerubo alikuwa ameshakaa, miwani machoni, mkono kwenye gia.

"Ombati," akasema bila kugeuka, "funga mlango. Tunachelewa."

Akaufunga kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Kisha ikabidi akimbilie gari lake, maana mama yake alikuwa keshatoka getini.